Nilichukua Sanda ya Mama Mdogo Akiwa Hai

Kosa ni langu peke yangu. Sikutumwa na mtu, sikulazimishwa, wala sikuwa na njaa ya kunitia wazimu. Nilikuwa na kiburi cha sindano tu. Leo ni bibi mwenye wajukuu, na habari hii sijawahi kumwambia mtu ambaye hakuwepo siku zile. Jina langu sitalitaja, mnisamehe.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Temeke, mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ya foleni. Waliokuwepo wanakumbuka. Sabuni foleni, unga foleni, na kitambaa ndiyo usiseme. Mume wangu alikuwa mchonga vinyago, mtu wa kwetu Newala, na mimi nilikuwa nashona mikoba nyumbani. Nilinunua ukili kwa kina mama wa Kisarawe, ile mikanda iliyosukwa kwa majani ya miyaa, nikaiunganisha kwa sindano ya mkono mpaka mkoba ukasimama wenyewe. Mume wangu alinichongea vishikio vya mti. Mwisho nilitia bitana kwa cherehani yangu ya mkono, na kifuko kidogo ndani cha kuwekea funguo.

Nisijisifu sana, lakini mikoba yangu ilikuwa mizuri, na mimi nilijua kuwa ni mizuri. Hapo ndipo shetani alipopata pa kukaa.

Siku moja akaja mama mmoja wa ofisini, mkazi wa Kinondoni, aliyeuona mkoba wangu kwa mtu. Aliugeuza nje ndani, akauvuta mshono kwa kucha, mshono haukutoka.

"Nishonee kumi na mbili," akasema. "Wenzangu wote ofisini wanautaka. Ila bitana iwe nyeupe. Hii ya maua naingiza mkono kutafuta kalamu, naona giza tupu."

"Nyeupe utapata, dada," nikajibu. Mdomo ulitangulia akili.

Nilizunguka wiki nzima. Kitambaa cheupe kilichokuwepo mtaani kwetu kilikuwa kimoja tu, bafta, na bafta ilikaa chumba cha nyuma cha duka la ushirika kwa ajili ya maiti. Utaratibu ulikuwa hivi: ukifiwa unakwenda kwa balozi wa nyumba kumi, anakuandikia barua yenye jina la marehemu, unaipeleka dukani, unapimiwa sanda. Bila barua hupewi hata uzi. Watu walikuwa wanapitisha sukari mlango wa nyuma, wanaongopa idadi ya watoto ili waongezewe unga, lakini bafta hakuna aliyeichezea. Nadhani waliiogopa.

Mimi nilijiambia kitambaa ni kitambaa.

Balozi wetu alikuwa Mzee Chande, mstaafu wa bandarini, mtu mpole ambaye hata mbuzi akila mboga zake alimwondoa kwa kumbembeleza. Nilimkuta asubuhi barazani kwake, anatengeneza redio.

"Shikamoo, Mzee Balozi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Yalikuwa mekundu kwa kushona na moshi wa kibatari. Lakini kwa swali lile alikuwa amenifungulia mlango wa uongo, nikaingia. Nikamwambia nimefiwa. Nikasema mama yangu mdogo aliletwa kutoka kwetu kutibiwa, amefia hospitali alfajiri, ndugu zetu wa Segerea wanamzika leo hii mchana, na mimi nimeambiwa nitafute sanda. Maneno yalitoka yamejipanga vizuri, nikashangaa mwenyewe.

Hakunichunguza. Nani angesingizia kifo? Alisema inna lillahi, akaingia ndani, akatoka na daftari na kalamu.

"Jina la marehemu?"

Hapo nikakwama. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa jina. Ningeweza kusema lolote, Tanzania ina majina mangapi? Lakini kalamu ilikuwa inasubiri, na ulimi wangu ukaenda kule ulikozoea kwenda kila nikiwa na shida.

"Mwanahawa," nikasema.

Mwanahawa alikuwa mdogo wake mama yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, na huyu ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenishikisha sindano mara ya kwanza, akanipiga kofi la mkono nilipotaka kumeza uzi. Alikuwa hai, kule kule Newala, na wiki ile alikuwa amempa mtu korosho aniletee. Nilimtazama Mzee Chande akiandika herufi moja moja. Ningeweza kusema, "Ngoja, mzee, nimekosea." Nilipokea barua, nikashukuru.

Dukani watu wa foleni walinipisha. Muuzaji aliisoma barua, akanipa pole, akanipimia nguo tano za sanda ya mwanamke, akazikunja kwa adabu. Njia nzima watu waliona nimebeba nini. Wakanipa pole, nami nikazipokea.

Nilidhani yameishia pale. Nilisahau kuwa naishi nyumba kumi.

Alasiri ile ile nilikuwa nimetandaza bafta, nimeshakata bitana tatu, nikasikia hodi za wanawake wengi kwa pamoja. Nikasukuma kila kitu chini ya kitanda. Wakaingia na mikeka yao. Mzee Chande alikuwa amepita kila mlango kutangaza msiba wangu. Mama Shukuru, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuja na sukari ya mgao wa nyumba yake, yote, na alikuwa na watoto sita. Walipouliza mbona siko Segerea nikasema nilizimia njiani nikarudishwa. Basi wakakaa, wakanitaka niwaeleze marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

Nikawaeleza. Alivyokuwa ananisuka huku anaimba. Alivyouza jogoo wake ili nipate sare ya shule. Nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, maana kila nilichosema kilikuwa kweli isipokuwa kufa kwake.

Walikuja siku tatu. Siku ya tatu wakasoma hitima. Watu wazima walikaa chini wakamsomea hitima mwanamke ambaye saa ile ile alikuwa anapalilia mikorosho yake.

Mume wangu alikuwa safarini kusini kutafuta mpingo. Aliporudi alipewa pole njiani kabla hajafika mlangoni. Akaingia na mzigo begani, hakuutua.

"Mwanahawa nimemuacha juzi," akasema. "Kanipa mhogo wa njiani. Kafa nani?"

Nikamweleza. Aliitazama ile mikoba iliyojipanga ukutani, nyeupe pee kwa ndani.

"Nenda kwa Mzee Chande sasa hivi ukafute."

Nikalia, nikamkumbusha jinsi watu walivyokuwa wanakamatwa kwa kuhujumu uchumi. Nikamwambia hata Mzee Chande ataulizwa kwa nini aliandika. Hiyo ndiyo sababu niliyoshika, kwamba namlinda mzee wa watu. Mume wangu hakunilazimisha, ila tangu siku ile hakunichongea tena kishikio hata kimoja.

Mikoba ikaenda Kinondoni, mama wa ofisini akafurahi. Kipande kilichobaki nikakitilia mkoba wa kumi na tatu, nikampa msafiri ampelekee mama mdogo. Nilidhani nafanya wema. Nilikuwa nampelekea kipande cha sanda iliyotolewa kwa jina lake, akawekee tambuu.

Mwaka haukuisha. Asubuhi moja nafagia mbele ya nyumba, nikamwona anakuja taratibu, amekonda mpaka khanga inamzunguka mara mbili, mkoba wangu uko begani.

"Nimekuja kwako, mwanangu," akasema. "Tumbo. Zahanati ya kule wamenishindwa, wamesema niende mjini."

Mnajua nilifanya nini kwanza? Kabla ya shikamoo, kabla ya kumpokea mkoba, nilitazama kushoto na kulia kama kuna aliyetuona.

Mama Shukuru alikuwa mlangoni kwake anachambua mchele.

"Mgeni huyo?"

"Mama yangu mdogo mwingine," nikasema. "Bi Zaituni."

Akaja mbio kumshika mkono. "Pole na ndugu yako, Bi Zaituni. Hapa tulimlilia sana."

Mama mdogo akanitazama. Nikamvuta ndani.

Nikamwambia kwamba mjini mgao wa unga unakwenda kwa majina, na jina lililokuwa na nafasi ni Zaituni, kwa hiyo aitikie hilo, asije akatukosesha chakula. Kuhusu ndugu aliyeliliwa, nikasema Mama Shukuru anachanganya watu. Alikuwa mtu mwelevu, lakini alikuwa ananiamini.

"Zaituni," akajaribu. "Haya. Mjini kuna mambo."

Mume wangu alinifuata uani. "Huu ndio wakati," akasema. "Mwambie mzee kabla hujazama zaidi." Nikasema nitamwambia Ijumaa. Ijumaa zikapita nyingi.

Hospitali nako nikamwandikisha Zaituni, maana mke wa Mzee Chande alikuwa ametusindikiza. Dawa hazikumsaidia. Majirani walikuja kumjulia hali, wakamwita Bi Zaituni, yeye akawa hageuki. Wakadhani masikio yamekufa, wakaanza kumpigia kelele. Alikuwa anasikia mpaka panya wa darini.

Kulikuwa na asubuhi moja nimemtandikia mkeka uani apate jua, nami nashona pembeni. Akaniambia bila kunitazama:

"Nikifa, waambie jina langu. Hili la mgao liishie hapa hapa."

"Hufi, mama."

"Sijakuuliza kama nitakufa. Nimekwambia waambie. Maalim akiniita kule chini, akimwita Zaituni, mie nitaitikaje? Nitadhani anaitwa mwenzangu."

Kwa wasiojua, kwetu mtu akishafukiwa maalim hubaki kaburini akamsomea talakini. Humwita kwa jina lake na jina la mama yake, akamkumbusha majibu ya kuwajibu malaika watakapokuja kumuuliza. Ndivyo tulivyokuzwa, na mama mdogo aliliamini jambo hilo kama alivyoamini mvua.

"Nitawaambia," nikasema.

"Sema wallahi."

"Wallahi."

Alikufa Jumatano kabla ya adhuhuri, mkono wake uko gotini kwangu. Nilipiga ukunga, majirani wakajaa. Mzee Chande alikuja mwenyewe na daftari ili nisisumbuke. "Zaituni, siyo?" akasema, na alikuwa ameshaandika. Nikajiambia haidhuru, hiyo ni barua ya dukani tu, jina la kweli nitamnong'oneza maalim. Waoshaji wakamwosha. Akavikwa nguo tano nyingine, safari hii kwa barua ya Zaituni.

Wakati wa kutoa jeneza ukafika. Maalim akasimama mlangoni.

"Jina la marehemu na la mama yake?"

Alimuuliza mume wangu. Mume wangu akageuka.

"Mwenye ndugu yake ni huyu hapa ndani. Muulizeni yeye."

Akanikazia macho. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananipa nafasi niseme kweli. Nyuma ya maalim alikuwa amesimama Mzee Chande, kofia mkononi. Mama Shukuru alikuwa amenikumbatia mabega nisianguke. Nikakumbuka sukari yake. Nikaona ile mikeka yote ya mwaka uliopita, watu wale wale, wamenizunguka tena.

"Zaituni," nikasema. "Mwana wa Somoe."

Jina la bibi nililisema la kweli. Mpaka leo najishikilia hapo, kwamba angalau nusu ilikuwa kweli.

Wanawake hatukuwa tunakwenda makaburini. Nilibaki nyumbani kusubiri. Mume wangu alirudi alasiri, akanawa miguu, akakaa kwenye kigogo chake cha kuchongea.

"Maalim alimwita mara tatu," akasema. "Watu kimya kabisa. Nilitaka kusema, mdomo ukawa mzito. Sasa na mie nimo."

Nilimwandikia barua mwana wa mama mdogo, Bakari. Wiki ya nne akafika, kijana mkubwa kwangu kwa umbo, mdogo kwangu kwa umri, na kwa bahati mbaya yangu aligonga mlango wa Mama Shukuru kwanza. Nilikuwa kwenye cherehani, ukuta ule ni wa udongo, nilisikia kila neno.

"Shikamoo, mama. Nyumba aliyofia Mwanahawa wa Newala ni ipi?"

"Marahaba. Mwanahawa alifariki mwaka jana, mwanangu. Huyu wa juzi alikuwa Zaituni."

"Mwaka jana haiwezekani. Nimempandisha basi mwenyewe, mwaka huu huu."

Niliachia gurudumu la cherehani. Nilitoka mwenyewe, maana hapakuwa na pa kwenda. Nikasema yote pale uwanjani, mbele ya Bakari, mbele ya Mama Shukuru, na Mzee Chande akaitwa nikarudia tena mbele yake. Bafta, mikoba, jina, mgao, talakini. Mama Shukuru alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sukari yangu uliinywa?" akauliza.

"Niliinywa."

Akaingia kwake akafunga mlango.

Bakari hakunipiga, ingawa nilikuwa namngojea anipige. Alimwomba mume wangu ampeleke kaburini. Mume wangu aliniambia kwamba kijana hakuyajua maneno ya talakini, alipiga magoti tu akaita, "Mama, Mwanahawa mwana wa Somoe, ulikuwa unaitwa wewe," akalirudia hilo mpaka sauti ikamkauka. Akaondoka siku ile ile bila kunywa maji ya nyumba yangu. Barua zangu za Newala hazikujibiwa tena. Kwetu sina.

Mzee Chande hakunishitaki popote. Alikuja kesho yake, nikamsogezea kiti, hakukaa.

"Miaka yote hii," akasema, "sijamuuliza mtu kama kweli amefiwa. Sasa itabidi niulize."

Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu, aibu ya kuambiwa maneno yale. Sikujua kwamba adhabu ataibeba mwingine.

Masika yaliyofuata, binti mdogo wa Mama Shukuru alipatwa na homa, siku mbili tu, akafa asubuhi. Mama yake alikwenda kwa balozi kutafuta barua ya sanda. Kabla ya mikoba yangu angeondoka na barua yake na machozi ya mzee juu. Sasa Mzee Chande alimwambia, huku anatazama chini, kwamba lazima aje kuona kwanza.

Wakarudi pamoja, mama mbele, balozi nyuma na daftari. Sote tulikuwa pale. Mama Shukuru alipiga magoti kitandani, akashika khanga, akamfunua mwanawe uso ili balozi ahakikishe. Alipokuwa anafunua hakumtazama mtoto, na balozi hakumtazama. Mama Shukuru alinitazama mimi.

Mzee Chande aliandika barua. Cherehani niliiuza wiki ile, na sijashona mkoba tena maishani mwangu.

Sasa nasikia nyie wa siku hizi mnavyofanya. Mtu anataka siku mbili za kupumzika, anampigia simu mkuu wake wa kazi kwamba bibi amefariki. Wajukuu zangu wawili wamefanya hivyo, mmoja aliniua mimi mwenyewe huku nammiminia chai, akacheka. Ndiyo maana nimeandika. Sema unaumwa, sema umechoka, sema kazi huitaki. Msiba usiuguse. Siku utakapofiwa kweli huenda wakakuamini, maana wewe umeshazoea kusema vizuri. Atakayeombwa ushahidi ni yule mwenzako wa meza ya pili kazini, ambaye hajawahi kumdanganya mtu, na atalazimika kusimama mbele ya wakubwa wake, maiti wake bado hajaoshwa, akitafuta kwenye simu picha ya maiti ya kuwaonyesha.